Wasomaji Wanauliza: Dsegh, kijiji kilichorudishiwa moyo wa mshairi wake

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili mitatu tu kijiji kimoja cha Armenia kinaitwa Dsegh, nikasema ndiko alikozaliwa mshairi wao mkubwa Hovhannes Tumanyan, nikapita zangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mpaka nikashangaa, basi leo safu nzima ni Dsegh, mlioniuliza mambo mengine mnivumilie, zamu yenu inakuja.

Hivi hilo jina linatamkwaje? Mi nimejaribu ulimi umegoma. Halafu kiko wapi hasa, maana Armenia yenyewe naisikia tu. — Mvivu wa Ramani

Ulimi wako hauna kosa, ni hayo maandishi ya kilatini ndo yanatuchanganya. Waarmenia wana alfabeti yao wenyewe toka karne ya 5, na kati ya D na S wanapitisha kairabu kafupi ambako hawakaandiki, kama vile umetaka kusema "de" ukaghairi katikati, halafu "segh". Na hiyo gh mwishoni ni hii hii ya ghali na lugha, kwa hiyo hapo sisi tuna bahati, kuna watu wanazunguka dunia nzima wakitamka "Dseg" kama wamekabwa.

Kiko kaskazini mwa nchi, mkoa unaitwa Lori, upande wa kuelekea mpaka wa Georgia. Ukitoka Yerevan ni kilomita 150 na ushee, unapita Vanadzor ambao ndo mji mkuu wa mkoa, halafu unaufuata mto Debed unavyoteremka ndani ya bonde lake jembamba lenye kuta za mawe huku na huku. Sasa watu wengi wanadhani kijiji kiko humo bondeni pembeni ya mto. Hapana. Unaiacha barabara kuu unaanza kupanda, kona baada ya kona, halafu ghafla pamekuwa tambarare, mashamba, nyasi, ng'ombe, nyumba za watu, kama mtu kachukua meza kaiweka juu ya majabali. Na meza yenyewe ina ukingo kweli kweli, shamba linaisha hapo na korongo linaanza hapo hapo, mto unauona chini kule kama uzi. Lishike hilo korongo kichwani maana majibu mengine yote yatalirudia.

Nilipita huko nikiwa safarini Georgia, nikamwambia dereva anishushe Tumanyan nione nyumba ya mshairi, akanishusha kweli, lakini nimezunguka na sijaona nyumba yoyote ya mshairi. Nilidanganywa au? — Msafiri Aliyechoka

Pole sana, hujadanganywa, umeshushwa ulipoomba. Kuna mji mdogo unaitwa Tumanyan, upo bondeni kando ya Debed, umepewa jina lake kwa heshima tu. Yeye kazaliwa juu, Dsegh. Na kinachozidi kuvuruga mambo ni kwamba Dsegh yenyewe nayo iliwahi kuitwa Tumanyan, enzi za Wasovieti, kuanzia 1938 mpaka 1969, ndipo jina la kale likarudishwa, kwa hiyo ukikutana na ramani au kitabu cha miaka hiyo unaweza kupotea ukiwa umekaa nyumbani kwako. Ukirudi tena mwambie dereva "Dsegh", na ile gh.

Ila safari haikuwa bure bwana. Hapo karibu na huo mji, ukiangalia juu kwenye mlima, kuna magofu ya monasteri ya Kobayr. Kama hukupanda kuiona basi hapo ndo nakupa pole ya pili.

Uliandika baba yake alikuwa padri, na hapo hapo ukasema mshairi ni wa kwanza kati ya watoto wanane. Nimesoma mara mbili nikadhani nimekosea mimi. Padri na watoto wanane? — Mama Mdadisi

Mama, hujakosea na mimi sijakosea. Kanisa la Kiarmenia la Kitume lina utaratibu wake, padri wa parokia anaruhusiwa kuwa na mke ila awe ameoa kabla ya kupewa upadri, wale wasiooa ni wamonaki na ndo wanaopanda kuwa maaskofu. Hao wenye familia majina yao yanatanguliwa na Ter, ndo maana baba mtu anajulikana kama Ter-Tadevos. Mama anaitwa Sona.

Na huyo baba usimpige picha ya mzee mkali mwenye fimbo. Tumanyan alipokuja kuandika habari za maisha yake alisema kitu bora na cha thamani kuliko vyote alivyowahi kuwa navyo duniani ni baba yake, akamsifu kwa utu, ukarimu, na mdomo wa kuchekesha. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba mkono wa baba ulikuwa mwepesi kutoa na pesa hazikai, mama ndo akawa anahangaika usiku na mchana nyumba isimame. Mi nadhani huyo mama hajasifiwa vya kutosha, lakini hayo maoni yangu.

Wenyewe wanasema ukoo wa Tumanyan ni tawi la Mamikonian, moja ya familia kubwa za kitemi za Armenia ya kale, walihamia Lori zamani sana. Kwa hiyo ni ukoo wa jina kubwa na mfuko mdogo, mchanganyiko ambao naona umezaa waandishi wengi tu.

Kama nimekuelewa, huyu bwana kaondoka kijijini akiwa mtoto, maisha yake yote kaishi mjini tena mji wenyewe uko nchi nyingine. Sasa Dsegh wanajidai nini? Kuzaliwa mahali ni ajali tu, hata mimi nimezaliwa hospitali ila sijawahi kuidai. — Mbishi wa Kudumu

We Mbishi, hili ndo swali zuri kuliko yote ya wiki hii na nina hamu nalo.

Tarehe zako ziko sawa. Kazaliwa Februari 19, 1869 (kwa kalenda ya zamani ilikuwa tarehe 7). Akiwa na miaka 10 kapelekwa shule Jalaloghli, siku hizi panaitwa Stepanavan, huko huko Lori. Mwaka 1883, ana miaka 14, kaenda Tiflis, yaani Tbilisi ya leo, shule ya Nersisian, hakumaliza maana pesa ilikata. Akawa karani kwenye ofisi za kanisa, kazi aliyoichukia, kaoa akiwa na miaka 19, kapata watoto kumi, na Tiflis ndo ikawa mji wake mpaka mwisho. Miaka ile Tiflis ilikuwa ndo kitovu cha Waarmenia wasomi, Yerevan ilikuwa mji mdogo tu wa vumbi. Nyumbani kwake ghorofa ya juu, kuanzia 1899, waandishi wenzake walikuwa wanakutana kusomeana kazi na kubishana, kundi lao likaitwa Vernatun, maana yake ni hicho hicho, chumba cha juu.

Kwa hiyo ndio, kijijini kaishi utotoni basi. Lakini sasa fungua alichoandika. Mtu anakaa mjini miaka arobaini na vitabu vyake vimejaa korongo la Debed, wachungaji, ukungu, mbwa wa malishoni, bibi wa kijiji wanaopiga soga. Chukua "Anush", ambayo aliianza akiwa na miaka 20 na kidogo kisha akaja kuiandika upya miaka kama kumi baadaye. Ni shairi refu la hadithi. Anush ni binti, Saro ni mchungaji, wanapendana. Mosi ni kaka yake Anush na ni rafiki wa Saro. Kunakuwa na harusi wakati wa baridi, vijana wanasukumwa katikati wapigane mieleka ya mchezo, Saro na Mosi. Sasa kuna sheria, na hapa ndo nataka uweke masikio, Tumanyan anatumia neno "adat", ndiyo, ni ndugu wa ada yetu hii hii, kiarabu kilitembea pande zote mbili. Anasema katika yale makorongo ya giza ipo adat, na adat yenyewe ni kwamba kijana wa kiume hamwangushi rafiki yake chali mbele ya umma. Mnashikana, mnavutana, watu wanapiga kelele, mnaachana mkiwa mmesimama wote. Wao wawili wanaijua na wanaifuata, wanavutana kwa mchezo. Halafu Saro anainua macho anamuona Anush kwenye kundi la wanawake anaangalia. Basi. Kasahau rafiki, kasahau adat, kambeba Mosi kamtupa chini na kumkalia.

Sekunde moja hiyo. Kutoka hapo Mosi hawezi tena kutembea kijijini, na mwisho wake ni bunduki. Saro anakufa, Anush anarukwa na akili, anazunguka kando ya mto akiimba peke yake mpaka Debed inamchukua. Na mwandishi alishatutahadharisha mapema, kwenye sikukuu ya Kupaa ambapo wasichana wa kijiji wanapigiana kura za bahati kwa mashairi, Anush alitokewa na kura nyeusi kwamba risasi itampata mpenzi wake, wenzake wakamcheka wakamwambia ni mchezo tu huo.

Haya niambie Mbishi, hicho kitu ungekiandika bila kukulia pale? Mtu wa mjini angeandika wivu, angeandika umaskini na utajiri. Yeye kaandika aibu ya mgongo kugusa chini watu wakiona, maana aliijua ina uzito gani. Mwaka 1912 Armen Tigranian akaigeuza kuwa opera, na mpaka leo ukitaja opera ya Kiarmenia watu wanaanzia hapo.

Halafu kuna "Gikor", hii ni hadithi ya kawaida sio shairi, na nakuonya usiisome ukiwa kwenye daladala. Mtoto wa miaka 12 anapelekwa na baba yake mjini Tiflis kwa mfanyabiashara anaitwa Bazaz Artem, ili "awe mtu". Bazaz kule ni muuza vitambaa, na sisi tuna bazazi yetu ambayo maana yake ya pili mnaijua, na kwa huyu Artem zote mbili zinamkaa. Mtoto anafanyishwa kazi za ndani, anapigwa, kisha anasimamishwa mlangoni kwa duka kuita wateja, "karibuni huku, karibuni", kwenye upepo wa baridi na nguo nyepesi. Anaumwa anakufa. Baba anarudi kijijini kwa miguu na nguo za mtoto kwapani. Mama anazikumbatia analia, na kwenye mifuko wanakuta vitu ambavyo mtoto alikuwa anaviokota na kuviweka: vifungo vya kung'aa, vikaratasi vya rangi rangi, vipande vya kitambaa cha chiti, pini. Ilionekana alikuwa anamkusanyia dada yake mdogo, Zani.

Njia aliyopita Gikor ni njia ile ile aliyopita Tumanyan mwenyewe, kutoka milima ya Lori mpaka Tiflis, tofauti mmoja alienda shule mwingine dukani. Kwa hiyo Dsegh hawadai hospitali ya kuzaliwa. Wanadai mali yao iliyomo ndani ya vitabu.

Kuna mtu kanambia amezikwa vipande vipande, moyo huku mwili kule. Ni kweli au ni stori za vijiweni? — Asiyeamini Haraka

Kweli tupu, ila usiseme vipande vipande, inatisha.

Alifariki Moscow Machi 23, 1923, kwa kansa, ana miaka 54. Mwili ukasafirishwa mpaka Tiflis ukazikwa makaburi ya Waarmenia ya Khojivank, na bado uko huko. Makaburi yenyewe sehemu kubwa yalivunjwa enzi za Wasovieti, kilichobaki ni kipande kidogo cha watu mashuhuri, na siku hizi jirani yake limesimama lile kanisa kuu jipya la Georgia, la Utatu Mtakatifu. Moyo ulikuwa umetolewa, ukahifadhiwa Yerevan miaka na miaka, kitu cha kimaabara kabisa. Mwaka 1994, Armenia imeshakuwa nchi huru, ndo ukapelekwa Dsegh ukazikwa uani kwenye nyumba ya baba yake.

Hebu hesabu, kafia Urusi, mwili uko Georgia, makumbusho makubwa yako Yerevan mji ambao hakuwahi kuishi (jengo lilifunguliwa 1953, na ngazi za kupandia mlangoni ni 54, moja kwa kila mwaka wa maisha yake), halafu moyo kijijini. Ingekuwa mtu mwingine ningesema hizi ni mbwembwe. Kwa huyu, aliyekuwa anaandika Lori akiwa amekaa Tiflis, naona moyo umeenda ulikokuwa siku zote, samahani kama nimeanza kuongea kama mtunzi wa taarabu.

Mwanangu ana miaka saba na mimi mwenyewe sio msomaji. Tuanzie wapi? Na je kuna kitu cha maana zaidi ya mahaba na vifo? — Baba Anayejitahidi

Kipo tele, tena Waarmenia wengi wamemjua kwa hadithi za watoto kabla ya kitu kingine chochote. Anza na ya mbwa na paka. Paka ni fundi wa kushona kofia za manyoya, mbwa kampelekea ngozi amshonee kofia, baridi imekaribia. Njoo Ijumaa. Anakuja Ijumaa, njoo kesho. Anakuja kesho, bado kidogo. Kila aliyewahi kumpelekea fundi nguo atacheka kwa uchungu. Ndo maana mpaka leo hawapatani.

Ya pili ni "Tone la Asali", ya mwaka 1909, kaitoa kwenye ngano ya kale. Mtu kaingia dukani na mbwa wake kununua asali, tone likaanguka chini, nzi akatua, paka wa mwenye duka akamrukia nzi, mbwa akamrukia paka akamuua, mwenye duka akamuua mbwa, mwenye mbwa akamuua mwenye duka, kijiji kikainuka juu ya kijiji, na kwa kuwa vijiji viko chini ya wafalme wawili tofauti, vita, njaa, nchi zinaisha, na waliobaki wanaulizana hivi ilianzaje. Mwanao atacheka mpaka katikati kisha ataacha kucheka.

Hiyo sio ngano ya hewani. Mwaka 1905 na 1906 Waarmenia na Watatari, ndo Waazabajani wa leo, walikuwa wanauana Kaukazi nzima, na Tumanyan alipanda farasi akazunguka vijiji vya Lori vya pande zote mbili akisuluhisha watu. Shukrani aliyopata kwa serikali ya Tsar wa Urusi, aliyekuwa anatawala huko, ni kukamatwa mara mbili, 1908 na tena 1911, mara ya pili akapelekwa mpaka St. Petersburg, akaachiwa 1912. Baadaye, mwaka 1915, wakimbizi na mayatima walipomiminika kutoka upande wa Waturuki alikuwa Etchmiadzin, makao makuu ya kanisa lao, anahangaika nao. Mwanawe mmoja, Artavazd, aliuawa 1918. Soma lile tone ukiwa unayajua haya.

Nina siku moja tu. Nione nini, na je ile nyumba inafaa? — Mwenye Haraka

Siku moja inatosha ukiamka mapema. Nyumba ni makumbusho, ni nyumba ya kijijini ya karne ya 19, haikuchukui muda mrefu, pita na uani ukaone moyo ulipolazwa. Usiimalizie siku yako yote hapo kama wanavyofanya watu wa mabasi ya matembezi, wanapiga picha na sanamu wanaondoka.

Ulizia njia ya kwenda Bardzrakash. Ni monasteri ya Mtakatifu Gregori, imejengwa kati ya karne ya 10 na ya 13, sasa ni magofu ndani ya msitu, unateremka kwa miguu, miti imeingia mpaka ukutani na mawe yaliyochongwa yamelala kwenye majani. Vaa viatu vya maana, mvua ikinyesha ile njia ni utelezi mtupu. Kuna pia Sirun Khach, yaani msalaba mzuri, ni khachkar, lile jiwe refu wanalochonga msalaba na nakshi kama kitambaa cha kufuma, hili ni la mwaka 1281. Ukibaki na muda, monasteri za Haghpat na Sanahin ziko mbele kidogo kwenye bonde hilo hilo la Debed, zote ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, ila ukizichanganya zote siku moja utakuwa unahesabu makanisa tu.

Ukienda Februari 19 utakuta baridi na pengine theluji, lakini siku hiyo Armenia nzima ni siku ya kupeana vitabu, wameiweka kwa ajili yake toka 2008. Na kama mtu atakuonyesha noti ya zamani ya dram 5000, huyo mwenye masharubu ni yeye, kwenye noti mpya ya 5000 nafasi kapewa mwandishi William Saroyan.

Jioni kabla hujaondoka tembea mpaka shamba linapoishia, simama mbali na ukingo tafadhali, hakuna uzio kila mahali. Mwishoni kwa "Anush" anasema usiku wa sikukuu ya Kupaa kuna dakika moja nyota mbili zinatoka kila moja kona yake ya mbingu, zinakutana, zinabusiana juu ya korongo. Sikukuu hiyo huangukia siku 40 baada ya Pasaka, kwa hiyo kama tarehe za safari yako bado hazijafungwa, angalia kalenda kabla hujakata tiketi.